Mjadala: Nchi ya dubu, uende na bastola, kisu au kopo la pilipili?

Mnyalukolo Ughaibuni

Wakuu, salaam kwenu. Niko Missoula, jimbo la Montana, Marekani, mwaka wa tatu sasa. Kila Agosti watu wa huku hupanda milimani kuchuma huckleberry, vitunda vyeusi mfano wa zambarau ndogo, vitamu ajabu. Shida ni kwamba dubu naye anavitegemea ili anenepe kabla ya baridi. Kazini wamenialika Jumamosi ijayo, na swali la kwanza nililoulizwa halikuwa kama nina ndoo. "Bastola unayo?" Nikajibu sina. Wakatazamana.

Mimi nimekulia jirani na Ruaha. Tembo akiingia shambani tulipiga madebe, tukachoma kinyesi chake kilichochanganywa na pilipili, moshi ukamrudisha porini. Bunduki ni ya askari wa wanyamapori. Hata mtalii akitembea kwa miguu hifadhini, anaongozana na askari mwenye silaha. Yeye mwenyewe habebi hata manati. Huku kila mtu ni askari wake. Tangu 2021 Montana hudaiwi hata kibali kubeba bastola iliyofichwa ndani ya nguo.

Msimamo wangu: lile kopo la kupuliza pilipili linatosha, na bastola kwa mtu asiyeizoea inawatisha wenzake kuliko inavyomtisha dubu. Nipingeni. Ila njooni na hoja, msije na "wanaume hawaogopi".

Jaluo wa Anchorage

Ndugu Mnyalukolo, nakupinga asubuhi na mapema. Nina miaka 11 Alaska, navua samoni kila kiangazi, na dubu anavua mto huohuo. Kopo lako linarusha mita saba hadi kumi hivi. Dubu wa kahawia akiamua kukimbia anafika kilomita 56 kwa saa, yaani kama mita 15 kwa kila sekunde. Haya piga hesabu. Ukimpuliza akiwa mita kumi, sekunde moja haijaisha keshafika. Na upepo ukikugeukia unabaki wewe unalia huku yeye anakuja.

Mimi nina shotgani yenye risasi nene, na kopo ninalo pia, sikatai. Lakini ukiniambia nichague moja, silichagui kopo. Visiwani Svalbard, huko Norwei kwenye dubu weupe, ukitoka nje ya mji sheria inakutaka uwe na kifaa cha kumfukuza dubu, na serikali yenyewe inakushauri ubebe bunduki. Wao ni wajinga?

Hesabu Ndogo

Jaluo, hesabu yako inakata kuwili. Ndani ya hiyo sekunde moja na wewe unatakiwa uvute silaha, ulenge kitu kinachoyumba kwenye vichaka, na umpate mahali pa kummaliza. Kopo halitaki shabaha, linatoa wingu.

Na tusibishane kwa hisia wakati watu wamekaa wakahesabu. Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha utafiti mwaka 2008 kuhusu matukio 83 ya Alaska, kati ya 1985 na 2006, ambapo watu walipuliza pilipili. Kwa dubu wa kahawia iliwazuia asilimia 92, kwa weusi asilimia 90. Waliokuwa na kopo walipokutana na dubu kwa karibu, asilimia 98 hawakuumia. Mwaka 2012 wakaja na utafiti wa bunduki, matukio 269. Walichokuta ni kwamba aliyefyatua na aliyekuwa nayo asifyatue, majeraha yao hayakutofautiana. Hapo unasemaje?

Jaluo wa Anchorage

Nasema umesoma nusu. Huwezi kuziweka tafiti hizo mbili kwenye mizani moja. Sehemu kubwa ya dubu waliopulizwa hawakuwa wanashambulia. Walikuwa wanadokoadokoa, wananusa mahema, wanatafuta chakula. Hao hata ukiwapigia sufuria wengine wanaondoka. Matukio ya bunduki mengi yaliandikwa kwa sababu mambo yalikuwa yameshaharibika. Ni kama kulinganisha mganga wa mafua na daktari wa ajali, halafu useme mganga ni bora kwa sababu wagonjwa wake hawafi.

Hesabu Ndogo

Hilo la mganga nimelipokea, na wapo wataalamu wanaosema hivyohivyo. Lakini bado halikupi bunduki ushindi. Linakupa tu kwamba hatujui kwa kiasi gani kopo linaishinda.

Laigwanan Mdogo

Naona kisu kimetajwa kwenye kichwa cha habari, halafu kimesahaulika. Sisi Wamaasai hatumfuati simba na sime. Mkuki ndio kwanza, kwa sababu unakupa umbali, na hata enzi za wazee moran mara nyingi walikwenda kundi zima. Sime ni ya mwisho, simba akishakulalia. Kwa dubu naona ni hivyohivyo. Ukifikia kutumia kisu maana yake umeshaanguka na yeye yuko juu yako. Mwaka 1999, karibu na Kodiak huko Alaska, mwindaji mzee alivamiwa na dubu akiwa anachuna mawindo yake, akapambana naye kwa kisu hichohicho cha kuchunia, na akapona. Watu wanaisimulia hadithi hiyo mpaka leo kwa sababu haitokei.

Beba kisu cha kumenyea chungwa.

Kibarua wa Edmonton

Huku Kanada mjadala wenu hauna nafasi. Tangu Oktoba 2022 serikali imefunga uuzaji wa bastola kwa raia, na kwenye hifadhi za taifa mgeni haruhusiwi kutembea na bunduki. Kopo la dubu unauziwa dukani, ila ukilibeba mjini kwa nia ya kumpulizia binadamu ni kosa. Basi tunatembea tunapiga kelele. Mimi naimba kwaya ya Kisabato njia nzima, sauti ya nne, na sijawahi kumwona dubu.

Wakili wa Mtaani

Mnyalukolo, kabla hujasikiliza wenye shabaha, jibu hili: uko huko kwa karatasi gani?

Naliuliza kwa sababu vijana wetu wengi hawalijui. Kama uko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kuwa na bunduki au hata risasi. Jimbo kuruhusu bastola bila kibali hakukusaidii chochote. Kuna vighairi, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usivitafsiri mwenyewe ukiwa mlimani. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya ukaazi, hao ni hesabu nyingine. Ila hata mwenye kadi ya ukaazi, kosa la bunduki linaweza kumrudisha nyumbani. Kopo la pilipili halijamfukuzisha mtu nchi.

Pili, hifadhi za taifa za Marekani. Tangu tarehe 22 Februari 2010 unaweza kuingia na bunduki kwa kufuata sheria ya jimbo, lakini kuifyatua humo kwa kawaida ni marufuku. Na grizzly, yaani dubu wa kahawia wa bara, hapa Marekani nje ya Alaska analindwa na sheria tangu 1975. Ukimuua useme ulikuwa unajitetea, utaeleza hivyo kwa wachunguzi, siyo kwa wajomba zako kijiweni. Kwa Jaluo wa Alaska ndiyo kabisa: ukimuua kwa kujitetea unamchuna, unatoa ngozi na kucha zake pamoja na fuvu, unaikabidhi serikali. Adrenalini haijashuka, na bado una kazi ya bucha.

Mama Furaha

Mimi ni wa Uvira, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na miwili, sasa niko hapa hapa Missoula. Wanangu, ninyi mnaongelea bunduki kama jembe. Mimi niliapa nyumba yangu haitaingia bunduki tena, ya mwenye haki wala ya mwizi. Nina watoto wanne, na hakuna mahali ndani ya nyumba ambapo mtoto wa miaka sita hafikii. Mlimani kwa dubu mnapanda mara moja kwa mwaka. Bastola italala nyumbani siku zote zilizobaki.

Halafu hakuna aliyeongea chakula. Vuli dubu weusi wanashuka mpaka mitaani kwetu kufuata tufaha na mapipa ya taka. Jirani yangu ana bunduki tatu na pipa lake halifungi. Agosti 1967, kwenye hifadhi ya Glacier, wasichana wawili waliuawa usiku mmoja, sehemu mbili tofauti, na dubu wawili tofauti. Dubu wa kule walikuwa wamezoeshwa mabaki ya chakula cha watu. Kwa hiyo mwanangu, huo mkate na samaki utakaobeba, uweke kwenye chombo kinachofunga, na mabaki urudi nayo.

Chekacheka

Swali la kizembe: hiyo pilipili ukijipaka mwilini kama dawa ya mbu, si unamaliza kazi?

Hesabu Ndogo

Usicheke, wapo waliopulizia mahema yao. Harufu yake ikishatulia humvutia dubu wa kahawia, anakuja kujigaragaza. Unampulizia yeye, machoni na puani. Na usipande nalo ndege, hata kwenye begi la mizigo hawalitaki.

Mnyalukolo Ughaibuni

Nimerudi. Wakili, nina kadi ya ukaazi, asante kwa kunishtua. Mama Furaha, shikamoo, chombo kinachofunga nimeazima.

Nimenunua kopo, na lile jingine la mazoezi lisilo na pilipili. Jana jioni nimejipima kwa simu uani. Mara ya kwanza kipini cha usalama kiligoma kung'oka. Mara ya pili kilitoka nikiwa nimelielekeza tumboni mwangu. Mara ya tano nilifika sekunde tatu, kopo likiwa kiunoni. Likiwa ndani ya begi, hata sijaandika muda. Kwa hiyo Jaluo, ile hesabu yako ya mita 15 imeniuma kuliko nilivyotaka kukiri. Bado siichukui bastola, maana sioni kwa nini ningekuwa mwepesi zaidi nayo.

Mwenzangu wa kazini anakuja na yake, hilo halina mjadala kwake. Nimemwomba jambo moja: atangulie. Sitaki dubu akitokea mbele niwe katikati.

Jaluo wa Anchorage

Hapo umeongea. Na wewe upepo ukitoka nyuma yako, mwambie yeye alale chini kabla hujapuliza.