Waliosoma Mtwara na Lindi huku nyumbani hakukaliki: shule ilikubeba au ilikumaliza? Tupeane uzoefu

Mwana_Mikindani
Habari za jioni wakuu. Leo kwenye kikao cha wazazi wamesoma majina ya watoro mbele yetu wote. Mmoja namfahamu. Mama yake kakimbia kipigo karudi kwao Kilwa, baba pombe ya nipa asubuhi, nipa jioni, mtoto ndiye anayewapikia wadogo zake kabla hajatoka. Kasomwa "mtoro sugu" na watu wakacheka. Moyo umeniuma. Mliopitia haya, shule ilifanya nini kikakusaidia? Walimu nanyi karibuni.

MchumaMabibo
Msimu ndio uliokuwa unatumaliza. Mwezi wa kumi pesa ya korosho inaingia, mzee anaongeza mke, nyumba inawaka moto. Ikifika mwezi wa pili tunashindia mihogo. Kilichonifikisha darasa la saba ni uji wa saa nne. Shule yenye uji imeshafanya nusu ya kazi.

Dada_Ruangwa
Uji. Kweli tupu.

Kitangari_Juu
Hili sijawahi kulisimulia. Nilikuwa kidato cha pili, Newala. Baba alishauza korosho zote kwa kangomba, ule ulanguzi wa kununua kabla ya mavuno, zingali maua mtini. Wenzake wanalipwa na chama cha msingi cha ushirika, yeye hana hata kilo. Hasira akaileta ndani. Usiku ule alianza na mama, mama akakimbilia kwa bibi na mdogo wangu mgongoni. Mimi nikajibanza nyuma ya kisima cha maji ya mvua. Aliponikosa akakusanya sare, begi na madaftari yangu yote, akayamwagia mafuta ya taa uani, akawasha. Nilikuwa nayatambua moja moja yanavyoungua.

Asubuhi nikaenda shule na kaptula ya nyumbani na fulana ya kampeni. Mwalimu wa zamu akanizuia getini: kavae sare. Nikamwambia sina. Akasema wote mnasema hivyo. Nikakaa chini ya mwembe nje ya uzio.

Aliyeniona ni mama mpishi. Hakuniuliza neno mbele za watu. Akanipa kikombe cha uji, akaenda kwa mkuu wa shule. Mkuu akaniita stoo, kwa sababu ofisini walimu walikuwa wamejaa. Akanipa shati na suruali zilizoachwa na waliomaliza kidato cha nne. Halafu akaagiza madaftari yangu mapya yawe yanalala shuleni, kwenye kabati la maktaba, na jioni nibaki nisome humo hadi mlinzi anapofunga. Mwalimu wa zamu aliambiwa tu "huyu ana ruhusa yangu". Mstarini halikutajwa. Baba angechoma nini tena?

Pwani_ya_Lindi
Nimesoma nikiwa kwenye gari, machozi yamenitoka. Pole sana kaka. Mungu amlipe huyo mama.

Masasi_Moja
Mama yuko wapi sasa?

Mwl_wa_Kijijini
Pole mkuu. Ila msitubebeshe walimu kila kitu. Darasani kwangu dawati moja wanakaa wanne. Nifundishe, nisahihishe, tena niwe ustawi wa jamii? Nitajuaje nani nyumbani kwake kunaungua?

MchumaMabibo
Mwalimu, anayesinzia kila Jumatatu humwoni? Unamwona, unamchapa.

Mwl_wa_Kijijini
Nani kasema nachapa?

Sheria_na_Haki
Kanuni za viboko za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka au aliyemkabidhi kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kuchapa mtoto getini kwa kuchelewa ni kuvunja kanuni.

Mzee_wa_Nachingwea
Tatizo ni wanawake wa siku hizi, hawavumilii. Ndoa inavunjika, mtoto anahangaika.

Dada_Ruangwa
Mzee wangu, shikamoo. Avumilie nini, panga? Soma tena alichoandika Kitangari. Mama aliyekimbia ndiye aliyebaki hai wa kumlea.

Mzee_wa_Nachingwea
Marahaba binti. Kwa Kitangari sina neno. Nasema kwa ujumla.

Sheria_na_Haki
Turudi kwenye msaada. Piga 116, huduma kwa mtoto, ni bure. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda.

Pwani_ya_Lindi
Usianze na polisi. Baba akilala ndani siku mbili, akitoka mtoto ndiye anayelipa. Huku kwetu mwite mjomba. Kwa Wamwera na Wamakonde neno la mjomba baba analisikia.

Tandahimba_Geto
Mjomba ndiye aliyekuwa tatizo langu.

Pwani_ya_Lindi
Pole sana. Basi mtoto aulizwe kwanza yeye mwenyewe anamwamini nani.

Tandahimba_Geto
Hapo sawa. Mimi niliponea kwa mwalimu wa malezi. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na shule, kidato cha kwanza, peke yangu, kijiji chetu kiko mbali. Alikuwa anapita jioni na mke wake, hata siku moja hakuja peke yake. Wananiuliza nimekula nini. Maswali ya nyumbani yalikuja baadaye sana, nilipoanza kuyasema mwenyewe.

Masasi_Moja
Mimi nawaambia mpeni mtoto kengele. Nilikuwa mtoro, wakanikabidhi kengele, shule nzima ikawa inanisubiri mimi. Sikuchelewa tena.

Mwl_wa_Kijijini
Hiyo ya kengele naichukua. Na kabati la madaftari Jumatatu nalizungumza na mkuu. Kitangari, jioni nani alikuwa anakusimamia humo maktaba?

Kitangari_Juu
Hakuna mwalimu, mwalimu wangu. Ni mlinzi na kiranja wa maktaba. Ufunguo mmoja, taa moja. Tulianza wawili, kufika mwisho wa mwaka meza ilikuwa imejaa.

@Masasi_Moja, mama yuko Mtwara mjini kwa mdogo wangu, anauza samaki sokoni. Baba hakutufuata.