Tupeane uzoefu: dawa za sukari kwa mafuta kwenye ini

Mwana wa Tudor
Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Miye sina sukari na pombe sijawahi kuonja, lakini picha ya tumbo imeonyesha ini limejaa mafuta, na daktari amegusia dawa za sukari. Nyumbani wanashangaa: mtu hana sukari, apewe dawa ya sukari kwa nini? Naomba waliotumia wenyewe waseme. Taja dawa, jinsi ilivyokufanya, na vipimo vya kabla na baada. Kama haikukusaidia, sema pia, hizo habari tunazihitaji sana.

Bi Kisauni
Waaleikum salaam. Mamangu ana sukari miaka mingi, yuwameza metformini. Skani ilipoonyesha mafuta kwenye ini, tulimuuliza daktari kama dozi iongezwe. Akatwambia metformini ni ya sukari, mafuta ya ini haiyaondoi. Walipochunguza vipande vya ini vya watu walioitumia, hawakuona nafuu ya maana kwenye uvimbe wala makovu. Lakini akasisitiza mama asiiache, kwa sababu sukari ikipanda ini nalo linazidi kuumia.
Kwake kilichosaidia ni kuondoa soda ya jioni na chai ya sukari, na mahamri kula Ijumaa tu. Kilo zimepungua, na ALT, kile kipimo cha damu cha kuangalia ini, imeshuka. Mbaazi za nazi amekataa katakata kuziacha, tumemwachia kijibakuli.

Mzee wa Majengo
Mimi nilipewa pioglitazoni, kidonge cha zamani na bei yake ya kibinadamu. Vipimo vya ini vilikuwa vizuri. Shida ni maji mwilini: jioni nikivua soksi, alama ya mpira imezama mguuni, nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Uzito nao ukapanda. Daktari alipotazama moyo aliiondoa siku hiyohiyo, kwani mwenye moyo dhaifu hapaswi kuitumia. Kwa hiyo ndugu, ukiandikiwa hiyo, taja matatizo yako ya moyo kabla hujafika kwenye dirisha la dawa.

Mfamasia wa Mwembe Tayari
Mzee asante, hilo la moyo ni kubwa. Wanawake waliokoma hedhi nao waulize kuhusu mifupa, maana dawa hiyo huongeza hatari ya kuvunjika. Lakini msiidharau. Mwaka 2010 Marekani ilitoka taarifa ya majaribio ya watu 247 wasio na sukari, wenye ini lenye mafuta na uvimbe. Waliotumia pioglitazoni miligramu 30 kwa wiki 96, uvimbe huo uliisha kwa asilimia 47 yao, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ni asilimia 21 yao. Mwana wa Tudor, hapo ndipo jibu la nyumbani lilipo. Ini la mafuta na kisukari vina mzizi mmoja, mwili kutoitikia insulini, ndiyo maana baadhi ya dawa za huku zinafaa kule.
Sindano ya semaglutidi ndiyo inayovuma sasa. Agosti 2025 Marekani iliidhinisha Wegovy, ambayo ni semaglutidi kwa jina la dukani, kwa wenye uvimbe wa ini na makovu ya kati hadi makubwa, ambao ini halijanyauka. Katika majaribio yake, kwa wiki 72, uvimbe uliisha kwa karibu asilimia 63 ya waliochomwa dawa, dhidi ya 34 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Makovu yalipungua kwa asilimia 37 ya waliochomwa dawa, dhidi ya 22 ya wale wengine. Yaani wengi makovu yao yalibaki, hata kwa dawa hiyo ghali. Ozempic ni dawa ileile, ila imeidhinishwa kwa sukari na dozi zake ni tofauti.

Umm Bondeni
Mimi ndiye wa sindano. Kabla ya kuandikiwa nilipelekwa FibroScan, kipimo cha ugumu wa ini, na nawasihi mkaulizie kipimo hicho au mfano wake. Unafunga kula saa tatu hivi, unalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa. Unapakwa jeli baridi kati ya mbavu, kisha kile kifaa kinakugonga tik, tik, kama kidole kinachobisha mlango, mara kumi au zaidi. Hakiumi. Langu lilisoma 10.4, makovu ya kati. Mwaka ulipopita lilisoma 7.9, na nguo zangu zote nimepeleka kwa fundi kupunguzwa.
Miezi ya mwanzo ni kichefuchefu na choo kigumu. Nyama ya biriani nilikuwa siwezi hata kuinusa. Bima haikulipa kitu, ndugu zangu ndio walionichangia, Mungu awalipe. Na joto letu hili! Kalamu mpya ya sindano hukaa friji, mbali na pale panapogandisha, maana ikiganda imeharibika. Stima ikikatika mchana kutwa mimi huikimbiza kwa jirani mwenye jenereta.

Kijana wa Likoni
Mimi sikupewa dawa yoyote. Makovu hayakuwapo, daktari akasema nipunguze sehemu moja ya kumi ya uzito. Niliacha muguka, kwa sababu kila kikao kilikuwa na soda na peremende juu yake. Nikishuka feri natembea hadi kazini. Kahawa tungu naendelea nayo, bila kashata. Daktari amesema wanywaji kahawa huonekana kuwa na makovu machache. Skani ya pili mafuta yamepungua sana.

Mwana wa Tudor
Mashallah, nimefaidika. Kuna muuzaji wa mtandaoni ananiletea sindano hadi mlangoni kwa nusu bei. Na Ramadhani mnafanyaje?

Umm Bondeni
Kwa wiki ni sindano moja, mimi huchoma usiku baada ya kula. Ukifuturu kwa pupa, bhajia na kaimati, utatapika. Anza na maji na supu. Anayetumia dawa nyingine za sukari pamoja nayo asifunge kabla ya kumwona daktari, sukari inaweza kushuka ghafla.

Mfamasia wa Mwembe Tayari
Huyo muuzaji mwache kabisa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia. Wewe bado hujajua kama una makovu. Chukua majibu yako ya AST, ALT na chembe za kugandisha damu, pamoja na umri wako, umwombe daktari akupigie hesabu ya FIB-4. Ikiwa chini ya 1.3, na hujafika miaka 65, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, na utaanza na njia ya Kijana wa Likoni. Ikizidi hapo, omba FibroScan, kisha ndipo mzungumzie sindano. Ukipata majibu tuwekee hapa.