Pugu 1889: kilio cha msiba au kisingizio cha kuleta jeshi?

Mzaramo wa Pugu: Wadau, 13 Januari 1889 misheni ya Wabenediktini, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, hapa Pugu karibu na Dar es Salaam ilivamiwa na watu wa vita ya Abushiri, mwenye asili ya Kiarabu aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Wamisionari watatu waliuawa, mmoja mwanamke, wengine wakachukuliwa mateka. Mwisho wa mwezi huohuo Bunge la Berlin likapitisha mark milioni 2 za vita. Je, kile kilikuwa kilio cha wafiwa, au damu yao iligeuzwa kibali cha kututawala?

Baba Kelvin: Yote mawili. Ila Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa Pangani, likilimwa na watumwa. Nyie wa pwani mmezidi kumpamba.

Binti Pangani: "Nyie wa pwani" ndio nani, kaka? Babu zangu walikuwa wavuvi, hawakumiliki mtu. Agosti 1888 Zelewski wa kampuni ya Kijerumani aliingia msikitini kwetu na mbwa. Uchokozi ulianzia hapo. Lingekuwa kanisa lenu mngekaa kimya?

Baba Kelvin: Usinilishe maneno. Kanisa nimelitaja wapi? Watawa wa Pugu hawakuingia msikiti wa mtu. Walikuwa wakilea watumwa waliokombolewa.

Mzigua: Na Bwana Heri, kiongozi wetu wa Saadani aliyepigana na Wajerumani, mbona hatajwi? Mnaiita vita ya Waarabu kwa sababu Wajerumani waliiita hivyo. Wazee wetu walipigana pia.

Msomaji: Nadhani Wissmann, kamanda aliyetumwa na Berlin kuizima vita hiyo, alikuja 1890 na askari wa Kijerumani.

Mzigua: Hapana ndugu, 1889. Maofisa ndio Wajerumani. Askari wengi walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri, na wengine wa kutoka Msumbiji. Mei wakaivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo, Desemba wakamnyonga Pangani.

Baba Kelvin: Kwa hiyo Waafrika walipigwa na Waafrika. Ndiyo maana nasema mambo haya si ya kupambana kwa ukoo.

Mzaramo wa Pugu: Jamani, mada ni Pugu. Mateka Wazungu walikombolewa kwa fedha. Wale waliokombolewa utumwani, waliokuwa wakiishi misheni siku ile, nani aliwalilia? Nani aliwaombea msaada Berlin?

Binti Pangani: Swali zuri, Mzee wangu, nitalijibu. Lakini kwanza Baba Kelvin afute ile "nyie wa pwani".