Mjadala: Deni la hospitali la wimbi la 2021, ni la familia au la serikali?

Mleta mada, Bombo

Ndugu zangu, naleta hoja hii tuijadili bila matusi. Familia zilizouza ardhi au kukopa ili kulipia matibabu ya Korona katika wimbi la Juni 2021 zirudishiwe na serikali, hata kama ni nusu.

Siombi huruma. Kabla ugonjwa haujatufikia, Uganda nzima ilikuwa na vitanda 55 tu vya ICU, vya wagonjwa mahututi, vinavyofanya kazi, na vingi vilikuwa Kampala. Wimbi lilipopiga, Mulago, hospitali kubwa ya serikali, ikajaa. Aliyekosa nafasi akapelekwa hospitali za binafsi, na huko bei ikafika shilingi milioni mbili mpaka tano kwa siku. Kwa siku! Magazeti yaliandika, CEHURD, shirika linalotetea haki za afya, likaenda Mahakama Kuu kutaka bei zidhibitiwe, kwa hiyo hakuna wa kusema hakujua. Na tarehe 31 Machi mwaka huohuo Bunge lilishapitisha muswada wa bima ya afya ya taifa. Haukutiwa saini. Bunge la 10 likamaliza muda wake, muswada nao ukaishia hapo.

Hapa Bombo wapo waliokuwa wakilima mashamba yao wenyewe, leo wanalima ya kukodi. Semeni.

Mchuuzi wa Busia

Mzee, shikamoo, lakini hoja yako ni ya watu wenye nacho. Nani alilazwa hospitali ya binafsi? Aliyekuwa na kitu cha kuuza. Shangazi yangu alifia nyumbani akijifukiza mwarobaini na malimau, na mwarobaini hauna risiti. Yeye mtamlipa nini? Ila unataka kodi yangu ya sokoni imrudishie mwenye ekari kumi aliyeuza mbili.

Malaria inatuua kila mwaka, watoto ndio zaidi. Wa saratani wanauza ng'ombe mpaka zizi linabaki tupu. Mbona wao hatukuwaanzishia mjadala?

Halafu tunajuana. Ile laki moja ya msaada wa serikali ya Julai 2021 iliyotumwa kwenye simu, jirani yangu utingo wa teksi alijiandikisha, mpaka leo anaisubiri. Fidia hii nayo majina ataandika nani?

Mama Mdogo, Bwera

Wanangu, ninyi mnabishana pesa. Mimi niwaeleze yanayotokea ndani ya nyumba.

Dada yangu aliuza shamba la kahawa mumewe akiwa kwenye mashine Kampala. Hospitali ilitaka pesa kabla ya saa kumi jioni. Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto, nyuma yake kuna hesabu za kuzidisha. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akagonga muhuri, mashahidi wakasaini, mnunuzi akatoa nusu ya bei ya kawaida. Kwa nini asitoe nusu? Alijua mgonjwa hana siku mbili za kungoja mnunuzi mwingine. Pesa zikaenda, na mgonjwa akaenda. Maiti nayo tulizuiliwa mpaka salio likalipwa.

Matanga hayajaisha, mashemeji wakaanza. "Umeuza ardhi ya ukoo na ndugu yetu hukumrudisha." Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2004 inasema ardhi ya familia haiuzwi mpaka mume na mke wote wakubali. Iliwekwa ili mwanamume asiuze shamba kichinichini bila mkewe kujua. Sasa mashemeji wanaishika hiyohiyo kumbana mjane: mume hakusaini, kwa hiyo mauzo ni batili. Angesainije na mpira kooni?

Wengine wanamnong'ona kwamba alikula zile pesa. Ukitaka kujua Korona imeacha nini kwetu, ni hicho. Watu waliokuwa wakichuma kahawa pamoja hawasalimiani njiani. Mimi hata fidia sina haraka nayo. Ningependa serikali iilazimishe ile hospitali itoe maandishi, kiasi kilicholipwa na tarehe, yasomwe mbele ya wazee wa ukoo. Tumeomba hesabu kamili, kila tukienda tunaambiwa mhusika hayupo.

Muuguzi, Arua

Mama, pole sana. Naomba niongeze kidogo. Mnawahesabu waliokufa na waliolazwa, lakini kuna waliopona kwa jina tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliieleza rasmi mwaka 2021 hali hiyo ya Korona ya muda mrefu: dalili ambazo mtu anazo miezi mitatu baada ya kuugua, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Kuna fundi wa matofali anakuja kwetu. Zamani alikuwa akipandisha karai za zege kutwa nzima. Sasa akipandisha moja anakaa, anashika kifua. Picha ya kifua haioneshi kitu. Mkewe alidhani ni uvivu, wakagombana mwaka mzima, sasa mama ndiye anayelisha nyumba kwa kukaanga chapati stendi. Binti yao mkubwa aliingia kwenye biashara hiyo shule zilipofungwa Machi 2020. Zilipofunguliwa zote Januari 2022 hakurudi.

Huyo fundi hakupimwa wakati ule. Hana risiti wala cheti. Kwenye mpango wa mleta mada hayumo.

Mleta mada, Bombo

Marahaba, kijana wa Busia. Shangazi yako Mungu amrehemu. Lakini tofauti ya Korona na malaria naiona wazi: malaria haikufunga barabara. Juni 2021 serikali ilitangaza siku 42 za kuzuia watu kusafiri kutoka wilaya hadi wilaya, na kazi nyingi zikasimama. Mtu amekatazwa kwenda kutafuta, na wakati huohuo anadaiwa milioni kwa siku. Kilichobaki ni kuuza. Anayekufunga mikono hawezi kukuuliza kwa nini hukuogelea.

Muuguzi, huyo fundi aingizwe, na mwenyekiti wake wa LC1 aseme alikuwa akifanya kazi gani kabla na anafanya nini sasa. Mama wa Bwera, ile karatasi ya daftari itunzeni vizuri, ndiyo ushahidi wenyewe. Wa Busia anauliza nani ataandika majina. Yaandikwe na kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya parokia, ile ya serikali inayokusanya vijiji kadhaa, kila mtu ayasome. Wezi hawapendi ukuta.

Mchuuzi wa Busia

Ukuta huo utachanwa usiku, mzee, nakuambia.

Kwenye bima nakuunga mkono. Rwanda wana mituweli, bima ya afya ya jamii, sisi tunabaki kuchangishana kwenye simu kila mtu akilazwa. Muswada urudi, usainiwe, nitakatwa bila kunung'unika. Fidia ya yaliyopita, hapana, bado nasimama palepale, maana itaanzia kwa wenye mawakili na kuishia hapohapo.

Ila mama, kuna mtu mmoja hamumgusi. Huyo aliyenunua kahawa kwa nusu bei. Hospitali imekula, na yeye amekula. Kabla hatujaifuata serikali, yeye mbona asiongeze ile nusu iliyobaki?

Mama Mdogo, Bwera

Tulimfuata, mwanangu. Alikopa SACCO, chama cha akiba na mikopo, ili anunue, na deni halijaisha. Anasema mashemeji wakilitaka shamba warudishe alichotoa pamoja na riba, na miche mipya aliyopanda tangu hapo ihesabiwe mmoja mmoja. Mashemeji wanasema walipwe wao kwanza. Mwenyekiti wa LC1 aliyegonga ule muhuri ndiye anayesikiliza kesi.