Tupeane uzoefu: hali ya hewa inazunguka tu kama zamani, au joto limebadilika kweli?

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kijiweni kwetu Magomeni, tumebishana na mzee mmoja mpaka kahawa ikapoa kwenye birika. Anasema hakuna jipya. "Mvua za El Nino za 1997 ulikuwa wapi wewe? Dunia ina mizunguko yake."

Kwenye mizunguko namuunga mkono. El Nino huja kila baada ya miaka miwili hadi saba, Pasifiki ikipata joto. Bahari ya Hindi nayo ina yake: upande wetu ukichemka kuliko upande wa Indonesia, vuli inageuka gharika, kama ile ya 2019. Jua lina mzunguko wa miaka 11.

Ila kinachozunguka hurudi. Hewa ukaa, ile gesi inayonasa joto, ilikuwa sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, leo imepita 420, na kila mwaka inapanda. Tena lingekuwa jua, hata tabaka la juu la anga lingepata joto. Vipimo vinaonyesha kule juu kunapoa, huku chini tunakoishi ndiko kunakochemka.

Utotoni, mwezi wa saba, kusi likivuma, mama alitufunika kanga mbili. Julai iliyopita nimelala sakafuni, mlango wazi.

Mliokaa Dar siku nyingi, leteni mliyoyaona kwa macho. Matusi hapana.

Wa Mchikichini (zamani): Desemba 2011 mto Msimbazi uliingia ndani usiku. Nilimbeba mama mgongoni, maji kifuani. Tuliporudi, alama ya tope ukutani ilikuwa imepita swichi ya taa. Wenzetu wengi walihamia Mabwepande. Lakini mkuu, tuseme yote: tulijenga bondeni, na mto ulikuwa umejaa taka na mchanga. Usiitwishe hewa ukaa kila kitu.

Wa Kunduchi: Sisi wavuvi mizunguko ndiyo kalenda yetu. Bamvua, bahari ikijaa sana, linakuja, linaondoka, yanafuata maji mafu, ikijaa kidogo tu. Baba alikuwa anafunga ngalawa kwenye mti wa mkungu, bamvua likilamba mizizi tu. Mkungu ulianguka, na leo pale alipokuwa anakaa kushona nyavu, hata maji mafu yanafika. Najua mchanga wa mitoni umechimbwa sana, ufukwe haupati mchanga mpya, hilo lina mchango mkubwa. Ila bahari yenyewe nayo inapanda, na matumbawe yaliyopauka 1998 maji yalipochemka, mengine mpaka leo ni mawe matupu.

Mwanzisha mada: Wa Mchikichini, pole sana kwa usiku ule, na la bondeni nimelikubali. Wa Kunduchi, nimemsomea mzee habari ya mkungu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza maji mafu ya safari hii yameishia wapi. Ukishuka pwani kesho, tuangalizie.