Kwa nini Cedar Point ilianzia ng'ambo ya maji?

Mdadisi: Habari zenu, wanajukwaa. Cedar Point ni bustani ya burudani iliyoko Sandusky, jimbo la Ohio, Marekani. Kinachonitatiza ni mahali penyewe: ni ulimi mwembamba wa ardhi, Ziwa Erie likiwa upande mmoja na ghuba ya Sandusky upande wa pili, na wageni wa mwanzo walilazimika kuvushwa kwa chombo. Ilikuwaje biashara ikastawi mahali pagumu kufikika namna hiyo?

Msomaji wa Historia: Ndugu Mdadisi, naamini uvushaji huo ndio uliokuwa biashara yenyewe. Mwaka 1870 Louis Zistel, mhamiaji kutoka Ujerumani, alifungua ufukoni hapo vibanda vya kuogea, bustani ya bia na ukumbi wa dansi, kisha akawa anawavusha watu wa mjini kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Young Reindeer. Watu walifuata mchanga, maji na upepo wa ziwa, si mashine.

Fundi Reli: Naongezea kuhusu mashine, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Gari la kwanza la kuteremka kwenye reli lilifika mwaka 1892, yaani miaka 22 baada ya Zistel. Mnara wake ulikuwa na urefu wa futi 25 tu, kama mita 7.6, na mwendo wake ulikuwa takribani kilomita 16 kwa saa. Halikuwa na injini. Liliteremka kwa uzito wake, likapanda na kushuka vilima vidogo hadi mwisho wa njia, ambapo wahudumu walilisukuma kulirudisha juu.

Mdadisi: Asanteni sana. Basi ni nani aliyeugeuza ufuko huo kuwa bustani kamili?

Msomaji wa Historia: Ni George Boeckling, mfanyabiashara kutoka Indiana aliyeshika uongozi mwaka 1897 na kuendelea nao hadi alipofariki mwaka 1931. Mwaka 1905 alifungua Hotel Breakers, yenye vyumba mia kadhaa vilivyotazama ziwa, ili mgeni aliyekuwa akirudi mjini jioni sasa alale papo hapo; jambo hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko bembea zote alizojenga. Hata hivyo hakuiacha njia ya Zistel, kwani mwaka 1909 meli mpya ya kuvusha abiria kutoka Sandusky ilishushwa majini, nayo ikapewa jina la Boeckling.