Nimetwaa taji la urembo nikiwa na miaka 17, mwandaaji anataka nisaini mkataba wa miaka mitatu. Naombeni ushauri

Binti wa Chang'ombe (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Mbukwenyi kwa Wagogo wote mliomo humu.

Nina miaka 17, naishi Dodoma mjini na mama na wadogo zangu. Nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, nikafaulu vizuri, na majina ya kidato cha tano yametoka: nimepangiwa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), shule ya bweni ya serikali nje ya mkoa. Kuripoti ni Julai.

Wakati nasubiri majina nilikuwa namsaidia mama kwenye kibanda chake cha chakula karibu na soko la Sabasaba. Hapo ndipo tuliposikia kuna shindano la urembo la mabinti, fomu bure. Mama alikataa katakata. Mama mdogo ndiye aliyemlainisha, akamwahidi kwamba mazoezini atanisindikiza mwenyewe, na kweli hakukosa.

Viatu virefu sikuwahi kuvaa kabla ya hapo. Nilijifunzia barazani kwetu, mama mdogo akinipigia makofi kwa kila hatua. Baraza letu lina ufa katikati, kisigino kikiingia pale umeanguka. Nikajizoeza kuuruka ufa bila kuinamisha macho, na siku ya shindano watu waliniuliza nani alinifundisha kutembea huku nimetazama mbele.

Kwenye kipaji wengi walicheza nyimbo za kisasa. Mimi nilipiga muheme. Bibi yangu wa Mvumi ndiye aliyenifundisha: ngoma unaibana kati ya mapaja, mgongo umenyooka, mikono ndiyo inafanya kazi. Nilipoanza ukumbi ulikuwa na kelele za maongezi, mara kina mama waliokaa nyuma wakasimama, vigelegele, mmoja akaja mbele kunitunza elfu mbili. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi kiasi kile akiwa anatetemeka.

Kwenye swali, jaji aliniuliza kwa nini mabinti wa vijijini wanaacha shule. Nilimjibu ninachokiona nikienda kwa bibi: mtoto anaamka alfajiri kufuata maji, anafika darasani kachelewa na kachoka, na akiwa kwenye siku zake bila taulo anabaki nyumbani. Wakanitangaza mshindi.

Sasa shida. Mwandaaji ametuletea mkataba wa miaka mitatu. Kila kazi nitakayopata yeye anachukua asilimia 40. Picha zangu zote ni mali yake. Niende kambini Dar kuanzia Julai, na mzazi haruhusiwi kuja. Nisinyoe nywele bila ruhusa yake. Nikivunja mkataba nimlipe milioni 5, na mama anatakiwa asaini kama mdhamini. Tena anataka cheti changu halisi cha kuzaliwa akae nacho yeye. Zawadi ya milioni moja niliyoshikishwa jukwaani ilikuwa hundi ya mfano, hela yenyewe bado, na anasema itatoka nikishasaini.

Mama anasema shule. Mama mdogo anasema bahati haibishi hodi kila siku. Mimi navipenda vyote viwili, na nasema kweli kabisa, urembo umenifanya nijione mtu. Nifanyeje?

Mzee wa Nkuhungu

Marahaba binti yangu. Hongera kwa muheme, umetutoa kimasomaso.

Nenda shule. Sisi wengine tulikua wakati mashindano haya hayapo kabisa nchini, maana yalisimamishwa baada ya lile la mwaka 1967 na hayakurudi hadi 1994. Miaka yote hiyo mabinti walisoma, wakawa walimu na madaktari. Mtu anayemwambia mtoto wa miaka 17 aache kidato cha tano akakae kambi ambayo mama yake haruhusiwi kufika, huyo mimi simwamini hata kidogo.

Taji la Zamani

Mdogo wangu, nakuandikia kwa kirefu kwa sababu nimepita njia hiyo. Niligombea ngazi ya mkoa, nikaingia kanda, nikaishia hapo. Siujutii urembo. Umenipa ujasiri wa kusimama mbele za watu ambao mpaka leo ndio unanilipa mshahara. Kwa hiyo sitakwambia taji ni upuuzi.

Ila nikuambie mkataba wa aina hiyo unavyofanya kazi. Kambi nzuri ina ratiba iliyoandikwa, ina matroni mwenye jina na namba ya simu, na mzazi anajua mnalala wapi. Wazazi wetu walikuwa wanakuja Jumapili, wanakaa na matroni, wanakula na sisi. Kambi inayomzuia mzazi inaficha kitu. Inaweza kuwa chakula kibovu tu, inaweza kuwa "wadhamini" wanaotaka kuonana na warembo usiku hotelini. Wakikuita kwenye kikao cha aina hiyo, usiende, hata kama mwenzako anaenda. Kuomba ngono ili mtu apewe nafasi ni kosa la jinai, ni rushwa, na TAKUKURU wana namba ya bure 113. Kwa umri wako kuna pia 116, namba ya msaada kwa watoto, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ziandike kwenye daftari kabisa, simu huisha chaji.

La cheti, usithubutu. Peleka nakala iliyothibitishwa, halisi ibaki kabatini kwa mama. Masuala ya umri yana historia kwenye tasnia yetu. Mwaka 2014 Miss Tanzania alilivua taji baada ya mjadala mkubwa kuhusu umri wake, akachukua Lilian Kamazima aliyekuwa wa pili. Cheti chako kikikaa kwa mtu, huwezi kujitetea siku mtu akisema umedanganya, na hata usajili wa shule utakusumbua.

Halafu muulize swali moja: hiyo kambi ya Dar ni ya shindano gani? Fomu za Miss Tanzania nilizojaza mimi zilitaka mshiriki awe ametimiza miaka 18. Wewe una 17. Akutajie jina la shindano, na kibali akuoneshe.

Kijana wa Area D

Wazee mnamkatisha tamaa. Mbona Flaviana Matata alisomea umeme chuo cha ufundi Arusha, akawa Miss Universe Tanzania 2007, akaingia kumi bora duniani? Nancy Sumari alichukua Miss Tanzania 2005, akawa Miss World Afrika mwaka uleule. Jokate alikuwa kwenye lile la 2006, baadaye akawa mkuu wa wilaya Kisarawe na akasukuma kweli elimu ya mabinti. Dada komaa, saini, shule utarudi.

Taji la Zamani

@Kijana wa Area D, soma ulichoandika mwenyewe. Flaviana alikwenda jukwaani tayari ana ufundi wake mkononi. Huyu mdogo wetu anaambiwa aache kidato cha tano ndipo apewe hela aliyokwisha kuishinda. Si jambo moja.

Mwalimu Bahi Road

Mimi ni mwalimu wa kidato cha tano na sita. Yangu ni mafupi. Nafasi ya shule ya serikali haikusubiri. Usiporipoti kwa muda uliopangwa inaweza kupewa mwingine, na kuipata tena ni kuzunguka ofisi za watu hadi uchoke. CBG ina maabara, ukikosa wiki za mwanzo unakimbiza wenzako mwaka mzima.

Na kuhusu nywele: pakua fomu ya kujiunga uisome sasa hivi, shule nyingi za serikali zinataka nywele fupi. Maana yake mkataba huo umekutega. Ukifuata shule umevunja mkataba siku ya kwanza tu unapokaa kwenye kiti cha kinyozi, na mama anadaiwa milioni 5.

Wakili Kizota

Mwalimu amegusa penyewe. Niongezee upande wa sheria.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima. Binti, sahihi yako wewe peke yako haiwezi kukufunga miaka mitatu. Mwandaaji bila shaka anajua hilo, ndiyo maana anaitafuta sahihi ya mama kama mdhamini. Atakayefuatwa na barua ya madai ni mama na kibanda chake cha chakula. Kwa hiyo mwambieni mama asisaini chochote akiwa amesimama, wala siku ileile karatasi inapoletwa. Aseme tu: "Niachie nakala, nitakujibu."

Zawadi ni jambo tofauti na mkataba. Ilitangazwa hadharani kabla ya shindano, masharti ya kusaini hayakuwepo, umeshinda, unadai. Kama una tangazo au fomu ya ushiriki inayotaja hiyo milioni, itunze, na picha ya hundi ya mfano pia.

Mashindano ya urembo yanatakiwa yawe na kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kwenye halmashauri yupo Afisa Utamaduni. Nendeni kwake mkaulize kama shindano hilo lilipita mikononi mwake. Kama hamna hela ya wakili, tafuteni msaidizi wa kisheria kwenye kata, kazi yao ni kusaidia bure. Msikwepe hatua hii kwa kuona aibu.

Mama Ilazo

Mimi nauliza kama mzazi, walikuvalisha vazi la ufukweni? Maana mwanangu naye ana miaka 16 anataka.

Binti wa Chang'ombe

Hapana mama, hapakuwa na ufukweni. Tulivaa vazi la ubunifu, vazi la kutokea na sare ya tisheti na jinsi kwenye utambulisho. Vazi langu la ubunifu lilikuwa kaniki na shanga, alishona mama mdogo. Ila hakikisha unakwenda naye mazoezini, usimtume na rafiki yake.

Wengine wote asanteni sana. Nimemsomea mama maneno ya Wakili na Mwalimu neno kwa neno. Hakuwa amefikiria habari ya kinyozi, alinyamaza kidogo kisha akampigia mjomba.

Mgogo wa Mpwapwa

Mpwa wangu, mimi sina sheria wala shule kubwa. Nakuomba tu usije ukaiacha ile ngoma. Mabinti wa mjini wengi hawajui hata kuishika. Huko bwenini kuna vikundi vya utamaduni, ipeleke. Taji hilo liliamuliwa na kina mama waliosimama, na hao hawana mkataba na mtu.

Binti wa Chang'ombe (mrejesho)

Habari zenu tena. Niliahidi kuleta mrejesho.

Tulikwenda kwa Afisa Utamaduni, mama, mjomba na mimi. Alitupokea vizuri, akapiga simu mbele yetu. Tukakutana na mwandaaji pamoja na msaidizi wa kisheria wa kata. Mwanzoni alikasirika, akasema tumemdhalilisha, akasema kuna wenzangu kumi wanaitaka nafasi hii. Mjomba akamjibu kwa upole kwamba basi awape hao kumi. Mama alitaja kipengele cha nywele na kumuuliza kama anajua mtoto anaanza shule Julai. Hakuwa na jibu la maana. Jina la shindano la Dar hakulitaja mpaka tunaondoka.

Tulichokubaliana kimeandikwa ukurasa mmoja: nitahudhuria shughuli za hapa Dodoma wakati wa likizo tu, mzazi au mlezi akiwepo, picha zangu hazitumiki kwenye tangazo la biashara bila ridhaa ya mama, na hakuna faini. Cheti kimebaki nyumbani. Nusu ya hela ililipwa palepale kwenye simu ya mama, nusu nyingine ameandika tarehe na kuweka sahihi.

Kambi nimeikosa. Amesema mshindi wa pili ataenda badala yangu, na jambo hilo linaniuma, siwadanganyi. Yule mshindi wa pili ni rafiki yangu, nimemtumia uzi huu wote asome kabla hajasaini, na nimempa namba ya yule msaidizi wa kisheria wa kata. Mama yake ameomba waonane na mama yangu kesho kibandani.

Mwalimu, fomu ya kujiunga nimeshaipakua. Ni kweli, nywele fupi. Nusu ya hela imekwenda kwenye godoro, ndoo na madaftari, na koti la maabara ambalo sikujua linauzwa ghali vile. Mjomba wa Mpwapwa, ngoma nimeruhusiwa kwenda nayo, nilipiga simu shuleni kuuliza.

Bwenini simu haziruhusiwi, kwa hiyo mkiniuliza maswali baada ya Julai nitawajibu likizo ya Desemba. Mama Ilazo, ukitaka kuongea na mama yangu kuhusu mwanao kabla ya hapo, njoo Sabasaba asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo wateja wanakuwa wengi.